Filamu Iliyokatikia Dar es Salaam: Kisa cha Queen Kelly

Siku moja ya Januari 1929, ndani ya studio huko California, ilikuwa inafungwa ndoa ya Dar es Salaam. Bibi harusi alikuwa Gloria Swanson, mmoja wa nyota wakubwa kabisa wa sinema ya Marekani wakati huo. Bwana harusi alikuwa Tully Marshall, mwigizaji mkongwe, aliyevikwa sura ya mzee mchafu wa kutembelea magongo, tumbaku imemjaa kinywani. Mwongozaji, Erich von Stroheim, alikuwa amemwelekeza Marshall kwamba anapomvisha bibi harusi pete, aache mate ya tumbaku yamdondokee mkononi. Yakamdondokea. Swanson akatoka pale walipokuwa wakipiga picha, akaenda kwenye simu, akamtafuta mtayarishaji aliyekuwa Florida, akamwambia kwamba mwongozaji wao ni mwendawazimu. Kazi ikasimamishwa, na Stroheim hakurudi tena kuikamilisha.

Filamu hiyo ni Queen Kelly. Wapenzi wa sinema bubu huihesabu pamoja na filamu zilizopotea sehemu, na ni kweli kwamba kilichobaki ni chini ya nusu ya hadithi iliyokusudiwa. Lakini upotevu wake ni wa namna ya peke yake. Sehemu ambayo haipo ni ile ya Dar es Salaam, na mimi nashikilia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yenyewe. Tulichobakiwa nacho ni utangulizi wake.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu filamu ndefu bubu zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa 10,919. Zilizosalimika zikiwa kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Asilimia 70 hazipo kabisa. Lawama kubwa ni ya mkanda wenyewe, uliotengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kwa kasi ya kutisha, na ambacho hata kisipoungua huoza polepole kikawa ute wa kunata, kisha unga. Kampuni nazo ziliyeyusha mikanda ya zamani ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani yake. Wahusika wa kisa hiki wameonja yote mawili. Sadie Thompson, filamu ya Swanson ya 1928, haina mkanda wake wa mwisho. Nusu ya pili ya The Wedding March, aliyoiongoza Stroheim kabla tu ya Queen Kelly, nakala yake ya mwisho iliteketea kwa moto Ufaransa katika miaka ya 1950.

Queen Kelly haikupitia njia hiyo. Sehemu kubwa ya kinachokosekana haikuwahi kuingia kwenye kamera. Kwa hiyo anayeuliza nani aliipoteza atajibiwa kwa majina ya watu, na watu hao ni watatu.

Wa kwanza ni Swanson mwenyewe. Alizaliwa Chicago mwaka 1899, na kufikia 1928 alikuwa nyota mwenye kampuni yake, Gloria Productions. Umaarufu alikuwa nao tele, ila mahesabu yalikuwa yamemshinda na madeni yalikuwa yakimkaba. Ndipo akaingia mtu wa pili, Joseph P. Kennedy, mfanyabiashara wa Boston aliyekuwa akiendesha studio ya FBO, ambayo mwaka huohuo iliingizwa katika kuundwa kwa RKO. Kennedy aliahidi kumwekea mambo yake sawa, na katika kumweka sawa wakawa wapenzi, ingawa kila mmoja alikuwa na ndoa yake. Huyu ndiye baba wa John F. Kennedy. Inafaa kukumbukwa kwamba fedha za baba zilijenga Dar es Salaam ya mbao na rangi huko California, na mwanawe, miaka 34 baadaye, Julai 1963, akampokea Julius Nyerere katika Ikulu ya Marekani kama rais wa nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa Dar es Salaam ya kweli.

Wa tatu ni Stroheim. Alizaliwa Vienna mwaka 1885, mtoto wa Myahudi mwenye biashara ya kofia, akafika Marekani na kujitambulisha kuwa mtu wa ukoo wa kibwanyenye, na Hollywood ikamsadiki. Kama mwongozaji alikuwa na kipaji ambacho hata maadui zake hawakukikana. Hakuwa na breki. Greed, filamu yake ya 1924, aliikata mara ya kwanza ikatoka na mikanda 42. Studio ikaishusha hadi 10. Kabla ya hapo alishafukuzwa kazini Universal akiwa katikati ya filamu nyingine. Hakuna kati ya haya lililokuwa siri. Kennedy alipomwajiri alikuwa anajua anaajiri nani, na hati ya hadithi aliyoletewa ilikuwa ya filamu ya kama saa tano.

Hadithi inaanzia katika ufalme wa kubuni wa Ulaya uitwao Kronberg. Mtawala ni Malkia Regina, mwanamke wa wivu na wazimu, anayezunguka kasrini uchi huku amemkumbatia paka mweupe. Mchumba wake ni mwana mfalme Wolfram, kijana wa anasa. Siku moja Wolfram akiwa na kikosi chake cha farasi anakutana barabarani na mstari wa wasichana wanaolelewa na watawa. Katikati yao yupo Patricia Kelly, yatima. Wanapopishana, chupi ya Kelly inaporomoka hadi miguuni. Kikosi kizima kinacheka. Kelly, kwa aibu na hasira, anaivua kabisa na kumtupia Wolfram usoni, naye anaificha kama zawadi. Usiku wa siku hiyo anachochea moshi na kupiga kengele ya moto kwenye nyumba ya watawa, na katika kizaazaa hicho anamtorosha msichana mpaka kasrini.

Malkia anawafuma. Hapo ndipo penye picha ambayo kila aliyeitazama filamu hii hawezi kuisahau: Seena Owen, aliyecheza nafasi ya Regina, anamkimbiza Kelly kwa mjeledi kupitia ukumbi mrefu na kumshusha ngazi, anachapa bila kupumzika, huku walinzi wakitazama na kucheka. Kelly anafukuzwa usiku akiwa na nguo ya kulalia, anajitupa mtoni. Wolfram anatiwa gerezani.

Yote hayo yalipigwa picha kati ya Novemba na Desemba 1928, na yamebaki. Mwanga wake ni wa ajabu, hasa pale Kelly anapopiga magoti kanisani mbele ya mishumaa, akiomba amwone tena yule kijana. Wapigapicha wakuu, Paul Ivano na Gordon Pollock, walifanya kazi ambayo hadi leo wanafunzi wa sinema wanaitazama. Ila kwa mpango wa Stroheim, hapo hadithi ilikuwa haijafika popote. Kelly hakufa mtoni. Anaokolewa, anarudishwa kwa watawa, na huko anakuta simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Shangazi yake, aliyekuwa akimlipia gharama za malezi miaka yote hiyo, yuko mahututi na anamhitaji.

Kelly anapofika ndipo anapogundua fedha zilikuwa zikitoka wapi. Shangazi ni mwenye danguro. Usafi wote wa nyumba ya watawa, mishumaa na sala, ulilipiwa na jumba hilo la Poto-Poto. Na shangazi, akiwa kitandani na roho imeshafika mlangoni, anataka jambo moja kabla hajaondoka: Kelly aolewe na Jan Vryheid, yule mzee wa magongo. Padri Mwafrika aliyekuja kumpa mgonjwa sakramenti za mwisho ndiye anayewafungisha ndoa palepale kando ya kitanda. Kifo na harusi vinashikana ndani ya chumba kimoja. Stroheim alipenda sana kuvisogeza vitu viwili visivyopatana mpaka viguse, na hakuna mahali alipofanya hivyo kwa nguvu kuliko hapa. Uso wa Swanson katika picha hizo ni wa mtu ambaye ameshaona maisha yake yote mbele na hana pa kukimbilia.

Nyumbani mwa shangazi yumo pia mpishi mwanamke. Jina lake katika orodha ya wahusika ni Kali Sana. Mtu fulani aliyehusika na filamu hii alijua, au aliuliza, maneno mawili ya Kiswahili. Aliyecheza nafasi hiyo ni Madame Sul-Te-Wan, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, mwaka 1873, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kabisa kupata kazi ya kudumu katika sinema ya Marekani. Alianza kuonekana mwaka 1915 katika filamu ya D. W. Griffith. Alifariki 1959 baada ya miongo minne ya kucheza wapishi, watumishi na wachawi, nafasi pekee ambazo Hollywood ilikuwa tayari kumpa. Mimi nikitazama vipande vya Dar es Salaam, jicho langu linamtafuta yeye kwanza.

Baada ya harusi, kwa mujibu wa hati, shangazi anakufa na Kelly anakataa kuishi na mumewe. Hakimbii. Anachukua uongozi wa jumba, analiendesha kwa mkono wa chuma na madaha makubwa, na wateja wanamwita Malkia Kelly. Wolfram anatoka gerezani, anamfuata Afrika. Jan anakufa, Regina anauawa huko Ulaya, Wolfram anaitwa kukalia kiti cha enzi, na mwanamke anayekaa pembeni yake ni yule bi mkubwa wa danguro la Dar es Salaam. Jina lililokuwa kejeli ya walevi linakuwa cheo halali.

Jina la filamu lote limejengwa juu ya safari hiyo. Ukiiondoa Dar es Salaam, hakuna mtu yeyote ndani ya filamu anayeitwa Malkia Kelly, na hakuna sababu ya yeyote kuitwa hivyo.

Sasa, kwa nini ilikatika pale? Mate ya tumbaku yamesimuliwa mno, kuanzia na Swanson mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1980, na sina sababu ya kumpinga kwamba siku ile kichefuchefu kilimshika. Lakini filamu iliyokwisha kula mamia ya maelfu ya dola haisimamishwi kwa kichefuchefu. Yalikuwepo mambo mazito yaliyokuwa yakijikusanya nyuma yake.

La kwanza ni udhibiti wa maadili. Tangu 1927 chama cha watayarishaji wakubwa, chini ya Will Hays, kilikuwa na orodha ya mambo ambayo filamu zisithubutu kuyaonyesha, yakiwemo biashara ya kuuza wanawake, dhihaka kwa viongozi wa dini, na mapenzi kati ya weupe na weusi. Chukua orodha hiyo uiweke mbele ya danguro la Poto-Poto, na padri ndani yake. Swanson alidai kwamba katika hati alielewa kuwa ni ukumbi wa dansi, na kwamba alipofika kwenye picha ndipo alipoona Stroheim anapiga danguro waziwazi. Inawezekana. Ila hati ilikuwa mikononi mwake na mwa Kennedy kwa muda wa kutosha, na mtu yeyote aliyekuwa ameona filamu moja tu ya Stroheim angejua ukumbi wa dansi utageuka nini.

La pili, na kwangu ndilo lililoua, ni sauti. Oktoba 1927 Warner Bros. walikuwa wametoa filamu yenye mazungumzo na nyimbo za kusikika, na ndani ya mwaka mmoja majumba ya sinema nchini kote yakawa yanafunga spika. Queen Kelly ilianza kupigwa Novemba 1928, ikiwa bubu, ya saa tano, kwa mwendo wa Stroheim wa kurudia na kurudia. Hata kama kila kitu kingeenda salama, ingemalizika katika soko ambalo halikuwa na nafasi nayo tena. Kila wiki iliyopita iliongeza gharama na kupunguza thamani kwa pamoja. Kennedy alikuwa mtu wa mahesabu. Siamini kwamba hakuliona hilo kabla simu ya Swanson haijalia.

Nikitakiwa kugawa lawama, fungu kubwa namwekea yeye. Stroheim alifanya kile ambacho siku zote alifanya. Swanson alikuwa mbele ya kamera, na ndiye aliyetemewa. Mwenye mfuko, aliyeweza kusema mapema kwamba hati ipunguzwe, au iandikwe upya kwa ajili ya sauti, au jumba la Poto-Poto libadilishwe kabla seti hazijajengwa, alikuwa Kennedy, na aliacha yote mpaka maji yakafika shingoni. Kibaya zaidi, deni halikumwangukia yeye. Swanson aliandika kwamba lilibaki kwenye vitabu vya kampuni yake, pamoja na gharama za zawadi ambazo Kennedy alikuwa akizitoa kwa mkono mkunjufu.

Mpangilio wa upigaji nao ulichangia. Sehemu ya Ulaya ilitangulia, Afrika ikafuata. Kazi iliposimama, nusu ya kwanza ilikuwa kamili na ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza: harusi, kitanda cha mauti, nyuso chache za jumba. Hapakuwa na kipande hata kimoja cha mwisho wa hadithi ambacho mhariri angeweza kukishikilia.

Watu kadhaa walijaribu kuiokoa. Ilifikiriwa kuingizwa nyimbo, ikafikiriwa kuandikwa upya. Swanson akaiweka pembeni, akafanya The Trespasser chini ya Edmund Goulding, filamu yenye sauti iliyofanikiwa mwaka huohuo wa 1929 na kumletea uteuzi wa Oscar. Mwaka 1931 akarudi kwenye maiti ya Queen Kelly na kupiga mwisho mpya, kamera ikiwa mikononi mwa Gregg Toland. Katika mwisho huo Kelly anakufa kweli mtoni. Wolfram anaukuta mwili wake umelazwa, na naye anajiua. Dar es Salaam ikafutwa yote. Mwaka 1932 filamu ikaonyeshwa Ulaya hivyo. Marekani yenyewe haikutolewa.

Namwelewa Swanson. Alikuwa na mali iliyolala na alitaka angalau kitu kitoke. Lakini mwisho ule unamgeuza Kelly kuwa msichana wa kawaida wa hadithi za mapenzi, anayependwa, anayeaibishwa na kufa. Kelly wa hati alinusurika aibu, akavuka bahari, akalazimishwa ndoa, akasimama. Huyo ndiye aliyefutwa, na Stroheim alifutwa pamoja naye. Baada ya hapo alipewa nafasi moja tu ya kuongoza, miaka ya mwanzo ya 1930, na nayo ikapigwa upya na wengine. Aliishi kwa uigizaji mpaka alipofariki 1957.

Mwaka 1950 wawili hao walikutana tena mbele ya kamera ya Billy Wilder katika Sunset Boulevard. Swanson ni nyota wa sinema bubu aliyesahauliwa, Stroheim ni mtumishi wake wa nyumbani ambaye zamani alikuwa mwongozaji wake. Usiku mmoja mtumishi anamwonyesha filamu yake ya zamani, na picha zinazopita ukutani ni za Queen Kelly, zile za mishumaa. Kwa Wamarekani wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona hata dakika moja yake.

Vipande vya Afrika vilipatikana baadaye, na mwaka 1985 Dennis Doros, kupitia kampuni ya Kino International, akavirudisha mahali pake. Aliuondoa mwisho wa Swanson. Baada ya harusi ya Dar es Salaam, pale mkanda unapokwisha, aliweka picha za mnato na kadi za maandishi zinazoeleza yaliyokusudiwa. Doros hakuishia hapo; marejesho mapya aliyoyasimamia yalionyeshwa Venice Agosti 2025, mkesha wa kufunguliwa kwa tamasha la filamu, yakiwa na muziki mpya wa Eli Denson. Nakubaliana kabisa na njia hiyo. Pengo lililoachwa wazi linamheshimu mtazamaji kuliko mwisho wa kubandika.

Msomaji wa Kiswahili asiende kuitazama akitarajia kuuona mji. Wajerumani waliufanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na kufikia vita vya 1914 ulikuwa na bandari, kanisa la Kilutheri la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, hoteli ya Kaiserhof pale ilipo sasa New Africa, na reli iliyokwisha kufika Kigoma. Ulikuwa na Wazaramo, Waarabu, Wahindi, Wagoa, mafundi wa Kigiriki, na watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kibarua. Waingereza waliuteka Septemba 1916, kwa hiyo Stroheim alipokuwa akiujenga studioni, utawala aliouonyesha ulikuwa umekufa miaka 12. Hata jina Poto-Poto ni la mtaa wa Brazzaville, upande wa pili wa bara. Dar es Salaam yake ni shimo la joto, ulevi na uozo, mahali pa mzungu kupotelea, kama Ulaya ilivyozoea kuiona Afrika. Hilo tusilifumbie macho.

Hata hivyo, katika hati yake mji huo ndio unaompa Kelly uwezo ambao Kronberg ilimnyima. Ulayani anachapwa na kutupwa nje. Dar es Salaam anashika funguo. Ungependa kujua Stroheim angelifikishaje hilo, mtu ambaye aliichukia dunia ya wafalme na kuitamani kwa wakati mmoja. Na ungependa kujua Kali Sana alikusudiwa kufanya nini katika saa zilizobaki, kwa sababu mpishi wa nyumba ya namna ile ndiye anayejua siri za wote.

Kwa anayetaka kuanza, toleo la 1985 au la 2025 ndilo la kutafuta. Lile la 1932 litazame baadaye, kama ushahidi wa kile ambacho mikono ya wahariri inaweza kumfanyia mhusika. Na ukifika kwenye harusi, usikimbilie kadi za maandishi zinazofuata. Rudisha nyuma, ukitazame tena chumba kile, kwa sababu humo ndimo nusu ya pili ya Queen Kelly ilipoanzia, na hatuna nyingine.